Mbona Narudia Kosa Lile Lile? Mwongozo wa Kuufundisha Ubongo Kazi ya Mkono

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne ikiisha, vijana watatu au wanne huja karakanani kwangu hapa Langoni, Lamu, kutaka kujifunza nakshi. Wiki ya kwanza ni furaha tupu. Ya pili huanza maswali, nayo hayabadiliki: "Fundi, nimeelezwa, nimeelewa, mbona mkono wafanya vile vile?" "Fundi, au mimi sina kipaji?" "Nirudie mara ngapi ndipo nishike?" Wengine hunipigia simu kutoka Faza, Mpeketoni hata Malindi, na si wa nakshi peke yao: kuna anayejifunza cherehani, kuna anayetengeneza simu, kuna anayeshika usukani wa mashua kwa mara ya kwanza. Wote wanauliza jambo moja, nami nimeona niliandike jibu mahali pamoja.

Kuna msemo tumelelewa nao: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Naomba niupinge. Katika miaka niliyofundisha, wengi niliowaona wakirudia kosa hawakuwa wazembe wala wakaidi. Ubongo wao ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa: ulifundishwa kosa, ukalishika. Dawa ni kuufundisha upya, na jambo hilo lina utaratibu.

Mfano nitakaoutumia ni ua la petali sita, zoezi la kwanza la kila mwanagenzi wangu. Kama kazi yako ni nyingine, soma hivyo hivyo. Karibu na mwisho nimeeleza namna ya kugeuza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ubao wa mwembe wa sentimita 30 kwa 20, unene usiopungua sentimita 2. Usianze na mbambakofi. Ni mgumu na ni ghali, na mtu anayeogopa kuharibu mti hajifunzi.
- Patasi bapa moja na patasi moja ya mdomo wa mviringo.
- Kinoo, maji na kitambaa.
- Bikari, rula, penseli ya kawaida na penseli nyekundu.
- Jiliwa au vibanio viwili vya kushikia ubao. Ubao usioshikwa humaanisha mkono wa kushoto ukae mbele ya makali, na hapo ndipo watu hukatwa vidole. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, kila mara.
- Daftari dogo. Si la simu. La karatasi.
- Saa au simu ya kuhesabu dakika 25.
- Mtu mmoja anayeijua kazi, ambaye unaweza kumwonyesha kosa bila kuona haya. Huyu ndiye mgumu kupatikana kuliko vyote, nami nitamrudia.

Kwenye ubao huo chora maua sita yenye kipenyo cha sentimita 8, matatu juu na matatu chini. Fungua bikari sentimita 4, chora duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari tembeza ncha yake juu ya mzingo ule ule. Petali sita zitajitokeza zenyewe. Kila petali ina mikato miwili inayokutana katikati kama bonde. Basi ua moja ni mikato 12, na upande mmoja wa ubao ni mikato 72. Hizo ni nafasi 72 za kujifunza, mradi usizipoteze.

Kichwani kunatokea nini (kwa ufupi)

Sitaki kukuchosha na nadharia, lakini bila mambo machache hapa hatua zinazofuata zitaonekana kama amri za mzee tu.

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa karibu kilo 1.4 na nyuroni, yaani seli za kupelekeana habari, zipatazo bilioni 86. Nyuma yake, chini, juu kidogo ya shingo, kuna sehemu iitwayo serebela. Uzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini imebeba takriban nyuroni nne katika kila tano. Miongoni mwa kazi zake ni kutabiri. Kabla mguu wako haujagusa chini, ubongo umeshakisia mguso utakuja lini na kwa nguvu gani. Umewahi kushuka ngazi ya nyumba ya kale ya Mkomani gizani, ukadhani imebaki daraja moja, kumbe umeshafika sakafuni? Ule mshtuko wa mwili mzima ndio tofauti kati ya ulichotabiri na kilichotokea. Tofauti hiyo ndiyo inayorekebisha hatua inayofuata. Pasipokuwa na tofauti, hakuna cha kurekebisha.

Kuna na dopamini, kemikali ambayo watu huiita ya raha. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliozoezwa kupewa matone ya sharubati. Sharubati ilipokuja bila kutarajiwa, seli zililipuka kwa kazi. Nyani walipokwisha kujua kwamba ishara fulani hufuatwa na sharubati, seli ziliitika kwa ile ishara, na sharubati yenyewe ilipofika hazikushtuka tena. Na ishara ilipotokea kisha sharubati isije, zilinyamaza chini ya kiwango chake cha kawaida. Kwa hiyo kinachopimwa ni habari: mambo yamekuwa mazuri kuliko nilivyotaraji, sawa na nilivyotaraji, au mabaya zaidi. Habari hiyo hutokana na kulinganisha ulichotaraji na kilichotokea.

La tatu ndilo lililobadilisha ufundishaji wangu. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu za ndani zinazosaidia kuweka kumbukumbu, za pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayompata; ukitoka chumbani ukirudi, wewe ni mgeni. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake ndani ya kioo tu. Jaribu nyumbani, utaona kalamu inavyokimbilia upande usioutaka. Molaison aliifanya kwa siku tatu. Kila siku makosa yalipungua, ilhali hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo.

Mkono, basi, una chuo chake. Maneno yangu mazuri, na kule kuitikia kwako "nimeelewa, fundi", huenda chuo kingine kabisa. Chuo cha mkono husikiliza tendo. Na hakichagui: ukifanya vibaya mara arobaini kwa haraka, umekihifadhisha vibaya mara arobaini.

Sasa kazi.

Hatua

1. Noa kwanza.
Patasi butu humdanganya mwanafunzi. Ncha ya petali ikimeguka hutajua kama ni pembe ya mkono wako au ni makali, na ubongo nao haujui umlaumu nani. Noa mpaka patasi ikwangue nyuzi za mwembe kwa kukata kingamo bila kuzirarua. Mwenye cherehani abadilishe sindano. Mwenye mashua akaze kamba zake. Ondoa kila kinachoweza kubeba lawama ambayo ni ya mkono.

2. Chagua kosa moja.
Katika ua hili makosa ya mwanzo ni matatu, na kila moja ninaliita kwa herufi: N ni ncha iliyomeguka, M ni mstari uliopitwa, K ni kina kisicho sawa, yaani bonde limehama kutoka katikati. Kwa kipindi kimoja cha dakika 25 windeni N peke yake, wewe na fundi wako. M na K zikitokea ziandike, usizishughulikie. Najua inauma kuona mstari umepitwa ukanyamaza. Nyamaza. Mtu anayejaribu kusahihisha matatu kwa mpigo hubadilisha pembe, nguvu na mshiko wakati mmoja, halafu mkato ukiwa mzuri hajui ni kipi kilichomsaidia.

3. Tabiri kwa sauti kabla hujakata.
Hii ndiyo hatua inayorukwa na wote, nami nakusihi usiiruke. Weka makali mahali pake, usigonge bado, kisha sema: "Huu unakwenda na nyuzi, kipande kitatoka kizima." Au: "Huu unakata nyuzi kimshazari, ncha itakuwa dhaifu." Sema kwa mdomo, hata kama mtu anapita na punda wake uchochoroni akakutazama.

Faida yake utaiona siku ya pili. Mkato uliotabiriwa ukienda kombo hukushtua kama lile daraja la ngazi ambalo halikuwepo. Mkato usiotabiriwa ukienda kombo, unasema "aa" na kuendelea.

*Angalizo:* utabiri uwe wa jambo linaloonekana. "Itakuwa nzuri" si utabiri. "Kipande kitatoka kizima bila kumeguka upande wa juu" ni utabiri.

4. Kata polepole kiasi cha kuweza kusimama katikati.
Kipimo changu ni hiki: nikisema "hapo!" patasi isimame kabla ya kusogea milimita mbili zaidi. Ikiwa haiwezi, una haraka.

5. Tazama papo hapo.
Puliza vumbi, inama, tazama. Usingoje umalize ua lote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na wa Marekani, wakiwa wamewaweka watu vipimo vya umeme kichwani, waligundua wimbi dogo linalozuka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kidole kubonyeza kitufe kisicho sahihi. Ubongo mara nyingi umeshanusa kosa kabla mdomo haujafunguka. Jicho likija kuthibitisha wakati huo huo, mambo mawili yanashikana. Likija baada ya nusu saa, mkono umeshasahau ulikuwa umeshikaje.

Waliosoma chuo cha Kurani utotoni wanalijua hili. Ustadhi hangoji umalize sura ndipo akwambie harufi uliyoikosea. Hukukatiza pale pale, unairudia, unaendelea.

6. Kosa likitokea: simama, lizungushie, lisizibwe.
Hapa nitakaa kidogo.

Fundi aliyenifundisha mimi alikuwa na mkono ambao sijauona tena kwa mtu mwingine, na alikuwa na hasira. Ukikosea, ubao ulirushwa, wakati mwingine ulikwenda jikoni ukawa kuni. Sisi wanagenzi tulijifunza haraka sana, lakini tulichojifunza ni kuficha. Tulikuwa tukichanganya vumbi la mbao na gundi, tunaziba ncha iliyomeguka, tunasugua kwa msasa, na jioni kazi inaonekana safi. Nilikuwa hodari wa kuziba. Ilinichukua miaka kujua kwamba nimekuwa hodari wa kuziba kwa sababu nilikuwa nikimegua ncha kila siku na sikupata hata siku moja ya kuitazama ncha iliyomeguka kwa utulivu.

Kwa hiyo karakanani kwangu kuziba ni marufuku kwenye ubao wa mazoezi. Kosa linazungushiwa duara jekundu na linaandikwa herufi yake. Hakuna anayepandishiwa sauti kwa duara jekundu. Anayeulizwa kwa ukali ni yule ambaye ubao wake hauna hata moja.

Ukishazungushia, kabla hujaniita, andika kwenye daftari kisio lako la sababu. Mstari mmoja unatosha: "N, petali ya pili, nilikata dhidi ya nyuzi." Kisha ndipo umwonyeshe mtu. Kisio lako na jibu lake vikitofautiana, umepata tofauti ya pili juu ya ile ya kwanza, na hii hukaa sana. Uliyekuwa na hakika kabisa na ukaonyeshwa umekosea ndiye utakayekumbuka zaidi.

*Angalizo:* usigonge patasi mara tu baada ya kosa kwa hasira. Mwaka 1966 Patrick Rabbitt alionyesha kwamba watu wakikosea, jibu lao linalofuata huchelewa kidogo lenyewe. Mwili unataka kusita. Uache usite. Vuta pumzi mbili, futa makali, ndipo uendelee.

7. Rudia mkato huo mara mbili au tatu kwa usahihi, pembeni.
Tumia ukingo wa ubao au kipande kilichobaki. Pembe ile ile, upande ule ule wa nyuzi, lakini sasa kwa namna iliyosahihishwa. Si mara ishirini. Lengo ni mkono uondoke mahali hapo na tendo zuri likiwa la mwisho.

8. Changanya.
Kishawishi ni kukata petali ya kwanza ya maua yote sita, kisha ya pili ya yote, kwa sababu kila ya sita hutoka nzuri kuliko ya kwanza na roho inafurahi. Furaha hiyo inapotosha. Kesho utakuta imeyeyuka.

Kata ua la kwanza petali ya kwanza, ruka ua la nne petali ya tatu, rudi la pili petali ya sita. Kwa kuwa petali zinaelekea pande mbalimbali, kila mkato unakutana na nyuzi kwa pembe tofauti na ubongo unalazimika kupanga upya kila mara. Kuna jaribio la mwaka 1978 la Kerr na Booth, ambapo watoto walitupa vifuko kwenye shabaha. Kundi moja la watoto wa miaka minane lilizoezwa kwa umbali wa futi 3 tu. Jingine lilizoezwa kwa futi 2 na futi 4, halikugusa kabisa futi 3. Walipopimwa kwa futi 3, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kufanya zoezi kwa umbali huo.

9. Mwambie fundi wako arudi nyuma.
Hii ni ya wiki ya pili na kuendelea. Mwanzoni ni sawa mtu akutazame kila mkato. Baadaye atazame mmoja, aache mmoja. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt walionyesha kwamba waliopewa majibu ya nusu tu ya majaribio yao walishika tendo vizuri zaidi siku iliyofuata kuliko waliopewa kila mara. Anayeambiwa kila mara huacha kusikiliza mkono wake; anasikiliza mdomo wa fundi. Nami nakiri kwamba kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko kazi zote za kufundisha.

10. Weka mpango wa "ikiwa… basi…" kwa kosa linalotokana na tabia.
Makosa mengine hayatoki mkononi. Yanatoka kwenye haraka, simu, kiburi, njaa. Hapo anayehusika ni ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ule unaosema "ngoja kwanza". Sehemu hii huendelea kukomaa mpaka mtu akaribie au apite miaka 25, kwa hiyo mzazi au fundi mwenye kijana wa miaka 17 asimwite hana akili. Anamdai deni ambalo halijaiva.

Kumwambia mtu "kuwa makini" hakumsaidii, kwa sababu hajui awe makini saa ngapi. Andika hivi badala yake: "Ikiwa simu italia, basi nitalaza patasi kwanza, makali yakitazama mbali nami." "Ikiwa nitaona nimeanza kugonga kwa haraka, basi nitanoa." Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameichunguza mipango ya aina hii tangu miaka ya 1990: ishara ikishafungamanishwa na tendo, tendo huja bila mabishano mengi ya nafsi. Mipango isizidi miwili kwa wiki.

11. Dakika 25 mara mbili kwa siku, kisha ulale.
Kipindi kimoja saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, kingine baada ya alasiri. Katika Ramadhani sogeza cha pili baada ya tarawehe. Usikusanye vyote Jumamosi.

Usingizi ni sehemu ya zoezi lenyewe. Ubongo hupanga na kukaza yale ya mchana wakati umelala. Na kwa sababu ninakupenda nitasema waziwazi: kijana anayekesha barazani na miraa mpaka alfajiri, kisha akaja kukata nakshi saa mbili, analeta mkono tu, na ule ubongo wa mbele wa kusema "ngoja" ndio wa kwanza kulegea kwa kukosa usingizi. Nimeshawarudisha watu nyumbani wakalale. Si adhabu. Patasi ina makali.

Kama kazi yako si nakshi

Badilisha mambo matatu: kosa lenye herufi, utabiri unaoonekana, na jibu la papo hapo. Anayejifunza usukani aseme kabla ya kugeuza: "Tanga litaanza kupiga nikiifikisha mashua mkabala wa mkoko ule." Mwanafunzi wa hisabati akisie jibu ni kubwa au dogo kuliko 100 kabla ya kukokotoa, na akague kila swali likiisha, si karatasi nzima usiku. Mshonaji atabiri mshono utavutia upande gani kabla ya kukanyaga cherehani. Duara jekundu linabaki vile vile kwa wote.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*"Nimefanya wiki mbili, makosa yameongezeka."* Tazama daftari kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi yaliyoongezeka ni yale unayoyaona. Hesabu N peke yake katika mikato 72 ya kwanza na katika 72 ya pili. Ikiwa kweli imepanda, rudi hatua ya 1, halafu ya 4. Nane katika kumi ya waliokuja kwangu na lalamiko hili walikuwa na patasi butu au haraka.

*"Leo vizuri, kesho nimesahau."* Hukuchanganya (hatua ya 8), au hukulala. Na kidogo cha kusahau ni kawaida. Mkato wa kwanza wa asubuhi uwe kwenye ukingo, usiwe kwenye ua.

*"Ninajua kosa langu, ninaliona likija, na bado nalifanya."* Hongera, umefika mahali pazuri ingawa panachosha. Ubongo unalitambua kosa, ila tendo la zamani lina njia pana zaidi. Punguza mwendo mpaka uweze kusimama kabla ya kosa, simama hapo hapo, toa patasi, anza upya. Ukifanya hivyo siku tatu nne utaona kusimama kunakuja mapema zaidi.

*"Mkono unatetemeka mtu akinitazama."* Woga huuchukua ule umakini ulioutaka kwa patasi. Atazame ubao ulioumaliza, asikutazame wewe ukikata, kwa siku kadhaa. Kisha akae upande, si mbele. Na kama ni mtu wa kukaripia, tafuta mwingine, hata akiwa na ujuzi mdogo kuliko wake.

*"Niliambiwa tabia huota baada ya siku 21."* Nimelisikia sana. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogo ndogo za kila siku. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya watu ilianzia siku 18 mpaka 254. Waliokosa siku moja hawakuharibikiwa. Ukikosa Ijumaa, rudi Jumamosi.

*"Fundi, sina kipaji."* Nionyeshe ubao wako. Kama maduara mekundu ya upande wa pili ni machache kuliko ya upande wa kwanza, swali hilo limeshajibiwa na mti.

*"Duara jekundu linaniaibisha, watu wakija wanaliona."* Ugeuze ubao ukutani mgeni anapoingia, lakini usiusugue. Bwana Muhamadi Kijuma, fundi wa nakshi wa mji huu aliyekuwa pia mshairi na mwandishi wa hati, milango yake tunaitazama leo imekamilika. Mbao alizojifunzia hatuzioni. Ndiyo maana vijana wetu hudhani mkono kama ule ulizaliwa hivyo.

Lini uhamie mbambakofi

Ukishakata upande mzima, mikato 72, na N zisizozidi tatu, kwa siku mbili zisizofuatana. M na K ziwe zinapungua, si lazima ziishe. Tarajia makosa kupanda tena wiki ya kwanza kwenye mti mpya, kwa kuwa utabiri wako wote ulikuwa wa mwembe. Anza tena hatua ya 3 kwa sauti hata kama ulishaanza kuifanya kimoyomoyo.

Ubao wa kwanza andika tarehe nyuma yake kwa penseli na uutunze mahali pakavu, mbali na mchwa. Mwanagenzi atakayekuja baada yako atauhitaji. Mimi huwa nampa ule wa aliyemtangulia, kabla hata hajashika patasi, naye hukaa nao kizingitini akihesabu maduara mekundu.